Springi ya Kisu na Heshima ya Fundi

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na tangu hapo sifa zote za kisu zimekwenda kwa makali. Lakini kisu cha kukunja, kile cha mfukoni, kina kiungo kingine kinachofanya kazi usiku na mchana bila kutajwa, nacho ni springi. Ni kipande chembamba cha feleji kilicholala mgongoni mwa mpini, kimebanwa na mabati mawili ya shaba. Ukifungua kisu, springi huinuka kidogo, hukaidi, kisha hushuka mahali pake kwa mlio mkavu. Ukikifunga, mambo ni yale yale. Ndiyo inayozuia kisu kisikufungukie mfukoni, na ndiyo inayolishikilia bapa unapochonga. Siku inapokatika, bapa huning'inia ovyo, na makali hata yawe ya kunyolea ndevu hayana faida tena.

Nataka kumsifu fundi anayepokea kisu kilichofikwa na hali hiyo. Aliyekiunda mwanzo amekwisha kusifiwa, na mara nyingi jina lake limegongwa kwenye chuma. Huyu wa pili hana pa kugonga jina. Kazi yake ikifana haionekani, na akiharibu kila mtu humwona yeye. Ufundi wa namna hiyo unadai adabu kuliko nguvu, na ndiyo sababu naupenda.

Wengi wetu Afrika Mashariki tunakijua kisu cha Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na ambacho sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Springi yake iko nje mgongoni, na ina pete ya kuiinulia. Ikilegea, unaiona. Visu vya Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ni vya tabia nyingine. Humo springi imefichwa, imesuguliwa ikalingana na mpini hata ukipitisha ukucha juu yake hausikii pa kukwama. Mji huo umefua visu kwa karne nyingi. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda chama cha mafundi visu wa eneo lile la Hallamshire, nacho kipo hadi leo. Wengi wa mafundi hao walijitegemea katika vyumba vidogo vya kupanga, na visu vya springi vilihesabiwa kuwa fani kamili, mbali na visu vya mezani.

Hata feleji iliyoupa mji ule jina ilitokana na shida ya springi. Benjamin Huntsman alikuwa fundi saa, na springi za saa zilimsumbua kwa sababu feleji ya zama zake haikuwa sawasawa ndani: hapa ngumu, pale laini, kwingine imeficha taka za tanuri. Katika miaka ya 1740, akiishi karibu na Sheffield, alifaulu kuiyeyusha kabisa ndani ya vyungu vya udongo vilivyostahimili moto mkali, ikatoka ya namna moja juu hadi chini. Viwanda vikubwa vilivyofuata vina deni kwa mtu aliyekereka na kipande kidogo cha chuma kisichoaminika.

Mwenye kisu akikileta kwa fundi husema kimekatika ghafla. Chuma kina habari nyingine. Kila kisu kinapofunguliwa, upande wa ndani wa springi, ule unaotazama bapa, huvutika, na wa nje hubanwa. Upande huo wa ndani ndiko vumbi la mfukoni, jasho na maji ya matunda hukusanyika. Kutu huchimba kishimo kidogo kuliko ncha ya sindano, ufa huanzia hapo, na kila ukifungua kisu ufa husogea mbele. Mara nyingi mahali penyewe ni karibu na tundu la pini ya katikati, kwa kuwa pale chuma kimepunguzwa na mkazo ni mkubwa. Weka kipande kilichokatika chini ya kioo cha kukuzia: ukingo mweusi ni ufa wa zamani uliokwisha kuingia kutu, na sehemu ya kijivu inayometa ndiyo iliyoachia siku ya mwisho. Fundi mzuri husoma habari hiyo kabla ya kugusa nyundo.

Springi iliyokatika haiungwi. Ukiichomelea, joto litavuruga ugumu uliopimwa kwa makini. Itapinda isirudi, au itakatika tena kando ya kiungo. Haina budi kutengenezwa mpya, na ili ipate nafasi, kisu lazima kibomolewe bila kujeruhiwa.

Nimemtazama fundi akifungua kisu cha Sheffield chenye mpini wa pembe ya ndovu. Kwanza alikigeuzageuza dirishani mpaka mwanga ukaonyesha duara hafifu za vichwa vya pini. Akachukua tupa nyembamba, akasaga kichwa cha pini moja kwa mikwaruzo mifupi, akipuliza unga wa chuma kila mara ili usiikwaruze pembe. Kisha akalaza mpini juu ya kibao alichokitoboa mapema, tundu la kibao likakaa sawia chini ya pini. Alipoisukuma pini kwa chuma chembamba na kinyundo, ilipata pa kutokea, na pigo likapokewa na kibao badala ya pembe. Mpini ule ulikuwa mkongwe, mkavu, wenye mistari myembamba ya nyufa. Pigo moja la papara lingeupasua.

Uangalifu ule unatuhusu sisi watu wa pwani. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya pembe za ndovu, na pembe ilikuwa miongoni mwa malighafi za mipini ya Sheffield. Zilitoka bara mabegani mwa watu, wengine wapagazi wa ujira, wengine watumwa. Siwezi kusema pembe ya kisu hiki au kile ilipita njia gani, lakini najua biashara yenyewe ilijengwa juu ya nini. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na ilikuwa haki. Basi springi inaweza kutengenezwa upya, lakini pembe ile haina mbadala wala haifai kutafutiwa. Kuipasua kwa uzembe ni kuyadharau maisha yaliyokwisha kulipwa kwa ajili yake.

Springi mpya huanzia kwenye ile ya zamani. Fundi huvipanga vipande viwili juu ya karatasi, huvikutanisha palipokatika, kisha huchora umbo lake kwenye bamba la feleji lenye unene sawa na msuka, yaani lile shina la bapa linalokaa ndani ya mpini. Hutoboa matundu kabla ya kukigumisha chuma, kwa sababu baada ya hapo keekee haitapenya. Tundu likihama kiasi cha unywele, springi itachomoza mgongoni au itazama. Kisha hupiga tupa kwa kufuata urefu wa springi na kuondoa kila mkwaruzo uliokatisha, maana mkwaruzo wa kukatisha ni ufa unaosubiri siku yake.

Halafu huja moto. Chuma hupashwa hadi kiwe chekundu cha kuiva, kiasi cha nyuzi 800 za Selsiasi. Wasio na kipimo hutumia sumaku, maana feleji ikikaribia joto hilo huacha kuvutwa. Huchovywa kwenye mafuta, na springi hutoka ngumu mno, kavu kama kigae, ukiiangusha huenda ikavunjika. Hapo fundi huing'arisha na kuirudisha kwenye moto mdogo, akitazama rangi zikipita juu yake: njano ya majani makavu karibu na nyuzi 220, kahawia, zambarau, kisha buluu karibu na nyuzi 300. Kwenye njano ingefaa kuwa bapa. Springi hungoja buluu, na ikifika huondolewa papo hapo. Katika hatua hii hakuna nguvu wala haraka itakayomsaidia fundi. Kuna jicho lake tu, na miaka aliyolifundisha.

Kisu huunganishwa kwanza kwa pini za muda, kisha hupimwa katika hali tatu: kimefunguliwa, kimefika nusu, kimefungwa. Kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, mgongo wa springi unapaswa kulingana na mpini. Na kama msuka umechongwa kituo cha nusu, hata hapo ulingane. Ikikaza mno, mwenye kisu atavunja kucha. Ikilegea, kisu kitamfungukia. Fundi hukifungua tena, hupunguza kidogo, hurudisha, hupima. Niliona fundi yule akirudia bila kukunja uso. Bapa lilikuwa na madoa na alama za vinoo vya watu waliokwisha kufariki, na angeweza kuling'arisha kwa muda mfupi. Hakuligusa. Alichoombwa ni springi.

Sheffield ilikuwa na Stan Shaw, aliyeanza kazi ya kuunda visu mwaka 1941 akiwa kijana mdogo na kufariki mwaka 2021. Alisifika kwa kukitengeneza kisu cha kukunja mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali viwandani kazi iligawanywa kwa wengi. Mrekebishaji naye anadaiwa ujuzi wote huo, na zaidi ya hapo anatakiwa kuutia chini ya uamuzi wa mtu ambaye hawezi tena kumuuliza. Aulize kwa vidole: mwenzangu uliipa springi hii mpindo kiasi gani, na kwa nini tundu uliliweka hapa?

Kwetu fundi wa marekebisho hulipwa kwa kulalamikiwa. Mteja hutazama kipande cha chuma kisichofika urefu wa kidole, akasema umeweka hiki tu, punguza bei. Anahesabu chuma kilichoingia. Hahesabu pembe isiyopasuka, bapa lisilochubuliwa, na pini zilizorudi bila kuacha kovu. Kazi kubwa ya fundi yule imo katika yale ambayo hayakutokea. Tukitaka vijana wajifunze ufundi huu, wa visu, wa saa, wa cherehani, tuwalipe kwa hayo pia, na tulipe bila kununa.