Kitenzi cha Kiayalandi na Tafsiri Zake

Katika lugha ya Kiayalandi kiko kitenzi leasaigh. Kamusi ya Niall Ó Dónaill, iliyotolewa mwaka 1977, yakifasiri kwa maneno mengi ya Kiingereza: mara ni kurekebisha, mara ni kutia nyama au samaki chumvi wasioze, mara ni kutia shamba samadi. Asomaye Kiingereza tu hudhani kuwa maana hizo zimekutana kwa bahati. Sisi twaona sivyo.

Shina lake ni leas, maana yake faida au heri. Basi leasaigh ni kukitendea kitu jambo la kukifaa. Mkulima wa visiwa vya Aran aliyetandaza mwani shambani hakuondoa kosa la udongo; aliuongezea nguvu. Naye atiaye samaki chumvi hakuona kosa katika samaki, ataka adumu. Neno lilo hilo limo katika Katiba ya Ayalandi ya mwaka 1937, katika kifungu cha 46, kielezacho jinsi Katiba yenyewe iwezavyo kurekebishwa.

Hapo Kiingereza chasema amend. Neno hili asili yake ni Kilatini, nalo latokana na menda, yaani kosa. Kurekebisha kwake ni kuondoa kosa. Hatusemi kuwa tafsiri hiyo ni mbaya, kwa kuwa kazi ya maneno hayo mawili ni moja. Lakini chanzo si kimoja: Kiayalandi chaanza katika heri, Kiingereza chaanza katika kosa. Wala jambo hili si dogo, maana maandishi mawili ya Katiba ile yakihitilafiana, ya Kiayalandi ndiyo yenye nguvu.

Kiswahili chetu kina njia zote mbili. Kukosoa kwatokana na kosa. Kutengeneza ni kufanya kitu kitengenee. Sisi walimu yatupasa kuzipambanua. Mtoto arudishiwaye daftari lililojaa alama nyekundu amekwisha kukosolewa. Bado hajatengenezwa, mpaka aonyeshwe njia iliyo njema.

Kwa hiyo twawashauri wafasiri wasitosheke na kuuliza neno hili kwa Kiingereza ni nini. Waulize pia limetoka wapi. Mwenye kulijua shina huona ya kuwa samadi, chumvi na sheria vyaweza kukaa chini ya neno moja bila kugombana.