Jirani Si Kelele

Kama ulishika iPhone za zamani unaijua "Marimba", ule mlio wa chaguo-msingi wa simu hizo hadi mwaka 2013. Moja ikiita ndani ya matatu, watu sita wanapapasa mifuko. Neno lenyewe ni la Kibantu, lakini mlio ni wa kompyuta: hauhitaji kijiti, wala mbao, wala mtu wa pili. Desemba iliyopita, nikiwa nyumbani Sironga, kaunti ya Nyamira, niliunda marimba yangu ya umeme nikidhani naikwepa simu hiyo. Kumbe nilikuwa naiunda upya.

Chombo chenyewe si siri. Ni vibao 12 vya mkaratusi kwenye fremu ya mbao. Chini ya kila kibao kuna kisahani cha piezo, vile vidogo vya Luthuli Avenue. Ukigonga, piezo inatoa umeme kidogo, bodi ya Arduino inaupima, programu inaugeuza kuwa noti ya MIDI yenye nguvu kati ya 1 na 127. Kinacholia ni kompyuta.

Idadi ya vibao niliiazima kwa amadinda ya Baganda. Sisi Abagusii chetu ni obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi 8. Marimba ni ya jirani, na cha jirani ukikiazima, azima pamoja na namna kinavyotumika. Amadinda hupigwa na watu watatu. Wawili hutazamana, kila mmoja akigonga katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu ana vibao viwili tu, vya juu kabisa. Anasikiliza wenzake, anaokota noti fulani kutoka mchanganyiko wao, anazirudia juu, papo hapo zinapopigwa. Wimbo unaousikia mwishoni hakuna mtu mmoja anayeupiga.

Basi nikampa binamu yangu, msichana wa kidato cha pili, vile viwili vya juu. Mimi nikapiga chini, polepole. Vyangu vikalia. Vyake vikasikika mara moja moja tu.

"Gonga kwa nguvu," nikamwambia. Akagonga. "Zaidi."

Baada ya nusu saa akaweka vijiti chini. "Kaka, mimi sina mkono wa muziki."

Nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Usiku nikaisoma upya programu niliyoinakili bila kuielewa. Kibao kikigongwa, mtikisiko husafiri kwenye fremu na kuziamsha piezo za majirani. Dawa ya kawaida ya mafundi ni hii: kusanya mapigo yote yaliyofika ndani ya milisekunde chache, bakiza lenye nguvu zaidi, futa mengine. Kwa mtu mmoja anayepiga noti moja moja, ni dawa safi. Lakini kazi yote ya mpigaji wa tatu ni kugonga pamoja na wengine. Kwa programu ile, yeye ni hitilafu. Binamu yangu alikuwa sawa kwenye mpigo, ila mkono wake ni mpole. Kadiri alivyopatia ndivyo alivyofutwa.

Baganda hulaza vibao juu ya magogo mawili ya mgomba. Nilikuwa nikiona hilo kama pambo la kijijini. Sasa nikaivunja fremu, nikakata mgomba nyuma ya jikoni, nikalaza kila kibao karibu asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha, pale ambapo hakitikisiki sana. Mgomba ni laini na umejaa maji, kwa hivyo ulimeza mtikisiko kabla haujafika kwa jirani. Nikafunga piezo kwa nailoni zisilowe, kisha nikaifuta ile mistari ya programu.

Kulibaki tuni. Programu nyingi za muziki huja na hatua 12 za piano katika oktavo, senti 100 kila hatua. Amadinda huigawa oktavo kwa hatua 5 zinazokaribia kulingana, takriban senti 240 kila moja. Hiyo 240 haina mahali kwenye piano. Usipobadilisha mipangilio, kompyuta itakusogeza hadi inapotaka yenyewe, na hutasikia ukisogezwa.

Bado ni chombo duni. Mgomba unasinyaa baada ya siku kadhaa, spika ni ndogo, na stima ikipotea tunabaki na mbao tu. Lakini kasoro hizi kila mtu anaziona. Ya kwanza ilijificha, ikamwachia lawama mpigaji. Ndiyo maana sishawishiki tena mtu akinionyesha ala ya kidijitali na kunisifia inavyolia. Nataka kwanza waikalie watu watatu, nimsikilize mpole wao.

Asubuhi nilimweleza binamu yangu, tukiwa na chai mkononi.

"Kwa hivyo nilikuwa napiga?"

"Ulikuwa unapiga. Mimi ndiye nilikuwa sikusikii."

Akamaliza chai, akaniuliza vijiti viko wapi.