Kalamu Iliyofundwa Idarani

Wengi humsoma John le Carré wakitafuta siri. Wanajua alikuwa jasusi wa Uingereza kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, na wanadhani utamu wa vitabu vyake unatokana na mambo aliyoyachungulia kwenye mafaili. Mimi namheshimu kwa jingine. Alichotoka nacho idarani ni adabu ya kazi, na adabu hiyo ndiyo iliyomfanya fundi.

Jina lake halisi ni David Cornwell. Alizaliwa Poole, kusini mwa Uingereza, mwaka 1931. Baba yake, Ronnie, alikuwa tapeli aliyewahi kufungwa. Leo nyumba imejaa wageni na vinywaji, kesho wadai wako mlangoni. Mama aliondoka mtoto akiwa na miaka mitano. Anayekulia nyumba kama hiyo hujifunza mapema kupima sauti ya mtu na kusoma uso wake. Mwaka 1958 akaingia MI5, idara ya usalama wa ndani. Mwaka 1960 akahamia MI6, idara ya ujasusi wa nje, akapelekwa Bonn akijulikana kama ofisa wa ubalozi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1961 kwa jina la kubuni, kwa kuwa kazi yake haikumruhusu kuchapisha kwa jina lake.

Alipokuwa mzee alisimulia nani alimfundisha kuandika. Aliwataja wakubwa wake wa MI5, wasomi wa Kilatini na Kigiriki, waliokuwa wakizipitia ripoti zake kwa kalamu isiyo na huruma. Pembeni mwa karatasi waliandika: neno hili la nini, futa, thibitisha, hivi kweli ndicho unachotaka kusema? Alikiri kwamba hakupata tena mhariri mkali kiasi hicho. Ukali huo ulikuwa na sababu. Ripoti ya afisa usalama husomwa na mtu atakayeamua jambo: amkamate fulani au amwache, amwamini mtoa habari au amtupe. Sentensi ikiteleza, mtu anaumia. Aliyezoea kuandika chini ya mzigo huo hawezi tena kujaza ukurasa kwa mbwembwe.

Tazama anavyoifungua Tinker Tailor Soldier Spy ya mwaka 1974. Hakuna bastola. Mvua inanyesha kwenye shule ya bweni, na mwalimu mgeni mwenye mgongo uliopinda anaingia akivuta nyumba ya magurudumu kwa gari lake. Anayemwona ni Bill Roach, mtoto mnene, mpweke, ambaye wazazi wake wametengana. Roach anatazama tu, na wasiwasi wake unatufanya nasi tutazame. Baadaye mwalimu yule, mpelelezi aliyeumizwa na usaliti, anamsifu mtoto kwa macho yake makali. Hapo ndipo penye ufundi: riwaya ya kusaka msaliti aliye ndani ya idara inaanzia kwa mtoto anayeogopa kuachwa. Msomaji anaelewa uchungu wa kusalitiwa kabla hajajua nani kamsaliti nani.

Hata kitabu kilichompa umaarufu, The Spy Who Came in from the Cold cha mwaka 1963, idara ilikipitia na kukiruhusu, kwa kuwa kilikuwa cha kubuni. Wasomaji wakasisitiza ni kweli tupu. Alikuwa ameuona Ukuta wa Berlin ukijengwa, na hasira yake ikaingia kwenye kila sentensi. Mwaka uliofuata aliacha ujasusi akabaki na kalamu.

Wakati mmoja alitegemea kitabu cha mwongozo wa watalii kuandika juu ya kivuko cha Hong Kong. Alipofika huko akakuta handaki limeshajengwa chini ya bahari. Tangu hapo akajiwekea sharti la kwenda kuona. Ndiyo maana The Constant Gardener ya mwaka 2001, inayoshambulia kampuni za dawa zinazowafanyia majaribio maskini wa Kenya, inatufikisha Nairobi hadi Ziwa Turkana. The Mission Song ya mwaka 2006 imempa usimulizi mkalimani wa Kiswahili na lugha za mashariki ya Kongo, naye mwandishi, akiwa na miaka zaidi ya sabini, alikwenda Bukavu kabla ya kuichapisha. Alifariki Desemba 2020, akiwa na miaka 89.

Sisi tulionogewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa tunaujua utamu wa riwaya ya kijasusi. Mashujaa wale walitufundisha kufungua kitabu na kutokilaza mpaka kiishe. Kizazi cha sasa kiongeze juu ya msingi huo: kwenda mahali penyewe, kumsikiliza mtu mpaka amalize, na kuliuliza kila neno limefuata nini. Nawe uliyestaafu kazi ya ujasusi, huhitaji kutoa siri hata moja. Unawajua watu. Keti uandike.