Selo Imerudi Kampala

Jumamosi nilipanda gari Bwera kwenda Kasese kusikiliza vijana wanne: violini mbili, viola, selo. Hakuna kondakta, hakuna spika. Muziki wa watu wachache hauna pa kujificha. Mmoja akikosea, wote mnasikia. Walipiga vipande viwili vya Haydn. Kile cha haraka walikikimbiza kama watu wanaofukuza lori la posho, kusema kweli. Ila kile cha polepole! Kijana wetu wa selo, aliyevuka Mpondwe na mama yake, alishika noti moja mpaka watoto waliojaa dirishani wakanyamaza.

Lawama yangu ni kwa waandaaji. Wageni wa Kampala walipiga saa nzima, hawa wetu dakika kumi za mwisho, kisha vyombo vyote vikapakiwa na kuondoka na wageni. Eti ni vichache. Jamani, okestra ya Wakimbanguisti kule Kinshasa ilianza 1994 watu wakipokezana violini chache, zamu kwa zamu. Ghetto Classics wa Korogocho, Nairobi, wanafundisha watoto tangu 2008. Sisi tumebaki na picha za ripoti.

Jumatatu nilimkuta yule kijana bombani, anangoja maji, vidole vya kushoto vinatembea juu ya mpini wa jerikeni.