Panya Aliyepungukiwa Kidole

Nakala yangu ya kwanza ya Mzimu wa Watu wa Kale haikuwa na kurasa za mwisho. Niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, nikakesha nikiisoma, na pale nilipohisi kuwa sasa mpelelezi wake, Bwana Msa, atafungua kinywa awaeleze watu, karatasi zikaisha. Nikachukua daftari nijaribu kutegua mwenyewe. Niliandika saa, mahali, vitu vilivyookotwa, nani alionekana wapi. Nikamtuhumu mtu ambaye hata hakuhusika.

Miezi michache iliyopita nimeirudia riwaya hiyo, safari hii nikiwa na nakala kamili, sambamba na mifululizo miwili ya mambo ya uchawi: ile ya Earthsea ya Ursula K. Le Guin na ile ya Harry Potter ya J. K. Rowling. Nilitaka kujua waandishi hawa wanaficha siri zao wapi. Asiyependa kuambiwa mwisho wa hadithi aishie hapa, maana siwezi kufungua saa nikakuonyesha gurudumu bila kuondoa kifuniko.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda kwa mswada wa Mzimu shindano la uandishi la mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Kwamba alimsoma Conan Doyle hakuna anayebisha. Kiko kipo mdomoni, rafiki wa kuuliza maswali yetu yupo, naye ni Najum, na askari wa serikali aliye nyuma kwa hatua moja yupo pia, Inspekta Seif. Vyote hivyo ni vya kuazima. Pa kuficha hakuazima.

Sherlock Holmes wa Conan Doyle anaishi London, mji wa watu wasiojuana. Mgeni akiingia chumbani, Holmes humsoma kwa matope ya kiatu na majivu ya sigara, kwa sababu hana kingine cha kumsomea. Unguja ya Bwana Msa si hivyo. Huko mtu akitajwa, swali la kwanza ni wa nani, la pili kaoa wapi. Kwa hiyo siri haiwezi kukaa kwenye kiatu. Abdulla anaiweka kwenye nasaba: mtoto aliyelelewa na wasio wazazi wake, ndoa iliyovunjika kimya kimya, jina lililobadilishwa. Na anaipitisha mbele yetu ndani ya mazungumzo na mizaha, mambo ambayo msomaji mwenye haraka huyachukulia kuwa ni vionjo vya lugha tu. Hapo ndipo daftari langu liliponiangusha. Niliorodhesha vitu, nikaziacha ndoa.

Kisha kuna mzimu wenyewe. Tajiri amekutwa amekufa mahali ambapo watu wanapaogopa, na kijiji kizima kina jibu tayari: ameuawa na mzimu. Tazama kazi inayofanywa na imani hiyo katika ufundi wa hadithi. Muuaji hahitaji kujitetea, kwani kijiji kinamtetea bila ya kumjua. Abdulla anajifunga kwa sharti moja tangu ukurasa wa mwanzo: katika vitabu vyake mzimu hauui mtu. Akilivunja mara moja tu, Bwana Msa hana kazi tena. Kwa hiyo ilipotoka Kisima cha Giningi mwaka 1968, na Giningi kwa Wazanzibari ni makao ya wachawi, msomaji wake alishalijua sharti. Hakuwa tena na haja ya kuuliza kama ni mashetani. Aliuliza ni nani anayepata faida sisi tukiamini kuwa ni mashetani. Swali hilo la pili lina taharuki kubwa kuliko la kwanza, na ni mfululizo tu unaoweza kukufikisha hapo. Kitabu kimoja hakitoshi.

Sipendi kila kitu. Maelezo ya mwisho ya Bwana Msa huwa marefu, na kuna wakati undugu uliofichika unatolewa mfukoni kama karata ambayo hatukupewa nafasi ya kuiona. Pale ninahisi nimeonewa. Ama Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, ninayempenda sana, simpimi kwa mizani hii. Anapotua Kinshasa hatafuti jibu la fumbo. Anatafuta mtu wa kupambana naye, na ufundi wake uko katika mwendo.

Mwaka huohuo wa Kisima cha Giningi, 1968, Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea. Nchi yake ni visiwa vitupu, watu wake wengi ni weusi au maji ya kunde, safari zote ni za jahazi na upepo. Msomaji wa pwani haoni ugeni mkubwa. Tofauti na Unguja ya Abdulla, huku uchawi ni wa kweli. Na hapo ndipo waandishi wengi wa fantasia huzama: mchawi akiweza lolote, hakuna tena cha kuogopa, na palipokosekana hofu hakuna wa kufunua ukurasa. Le Guin naye akajiwekea sharti. Nguvu iko katika jina la kweli la kitu. Usichokijua jina lake, hukiwezi. Ndiyo maana kila mtu anatembea na jina la kuitwa, lile la kweli akalificha.

Ged, kijana mchunga mbuzi aliyesomeshwa uchawi, anajigamba mbele ya wenzake, anaita roho ya maiti, na mlango anaoufungua unatoa kivuli kinachoanza kumwinda. Mmoja wa wakubwa wake anamwambia kivuli hakina jina. Ukisoma haraka utadhani unasoma hadithi ya kukimbizana. Kumbe unasoma riwaya ya upelelezi, na swali lake ni moja: hiki ni nani? Dokezo linatolewa mapema, katikati ya hofu, pale kivuli kinapomkabili Ged kikiwa ndani ya mwili wa mtu na kumwita kwa jina lake la kweli, jina ambalo wanaolijua ni wa kuhesabu kwa vidole. Mimi nilitetemeka nikaendelea mbele. Sikujiuliza kimelijuaje. Baadaye Ged anageuka kutoka mwindwa kuwa mwindaji, na mwishoni, mashariki ya mbali kabisa, wawili hao wanatamka jina kwa wakati mmoja, na jina ni lilelile. Kivuli kilikuwa chake. Jibu lilikuwa ni la nasaba, nami kwa mara ya pili nilikuwa nimeorodhesha vitu.

Uaminifu kwa sharti hilo unaonekana zaidi baadaye. Katika The Farthest Shore, cha mwaka 1972, Ged anamaliza nguvu zake zote. Miaka 18 ikapita, na Tehanu ilipotoka mwaka 1990 nilitarajia atarudishiwa. Mwandishi yeyote angepata sababu. Hakurudishiwa hata punje. Anarudi kwa mbuzi. Niliposoma mara ya kwanza nilikasirika. Sasa nadhani ndicho kitendo cha ujasiri kuliko vyote katika mfululizo ule.

Rowling ana mkono mwepesi wa kuficha kuliko wote wawili. Panya wa Ron, rafiki wa Harry, yumo tangu kitabu cha kwanza cha mwaka 1997, analala na kula, hana maana yoyote. Katika kitabu cha tatu, cha mwaka 1999, anapelekwa dukani kutafutiwa dawa. Muuzaji anauliza umri wake, anaona amepungukiwa kidole, anasema panya wa kawaida haishi zaidi ya miaka mitatu hivi. Huyu yuko kwenye familia miaka 12. Dokezo lote la kwamba huyu si panya wa kweli liko mezani, wazi. Papo hapo paka anamrukia Ron kichwani, panya anatoroka, na sisi tunakimbia nyuma yao tukikisahau kidole. Ni mbinu ya mwizi wa sokoni, mmoja anakukanyaga mguu na mwenzake anachukua pochi.

Kitabu hichohicho lakini kina kosa. Kuna kifaa cha kurudisha saa nyuma, ambacho kinanogesha mwisho vizuri sana, kisha kinazaa swali kwa kila kifo kinachofuata: mbona wasirudi nyuma? Rowling alilipa deni hilo katika kitabu cha tano, mwaka 2003, kwa kuvivunja vifaa hivyo vyote vilivyokuwa katika wizara ya uchawi, katika purukushani moja. Sauti ya vioo ile mimi niliisikia kama ya fundi anayebomoa ukuta alioujenga mwenyewe vibaya.

Sasa nimeanza Siri ya Sifuri, riwaya nyingine ya Abdulla. Daftari nimeligawa mara mbili, kushoto vitu, kulia nani ni nani kwa nani. Nimefika ukurasa wa arobaini, kulia kumeshajaa, na kushoto nimeandika neno moja tu, kiko.