"Upotovu Usioponyeka": Uhakiki wa Neno Moja katika Hukumu za Watoto Nchini Marekani

Wanafunzi wa theolojia wamezoea kudhani kwamba neno "upotovu" ni mali ya mimbari, na kwamba wanasheria wana msamiati wao mwingine. Hukumu kadhaa za Mahakama ya Juu ya Marekani, zilizotolewa kati ya mwaka 2005 na 2021, zaonyesha kwamba sivyo. Katika hukumu hizo, zihusuzo watu waliotenda makosa makubwa kabla ya kutimiza miaka 18, majaji waliwagawa watoto hao mafungu mawili: wale ambao kosa lao ni tunda la utoto unaopita, na wale wachache ambao kosa lao ni dalili ya upotovu usioponyeka. Kwa kuwa majaji si wapimaji wa mioyo, kazi ya kuwapambanua hawa na wale iliwaangukia kwa sehemu kubwa wataalamu wa saikolojia waitwao mahakamani. Tunakusudia kuihakiki lugha hiyo kama tuhakikivyo andiko lingine lolote, na kuuliza kama swali waliloulizwa wataalamu hao laweza kujibiwa na mwanadamu.

Tuanze na hukumu ya Roper dhidi ya Simmons ya mwaka 2005, ambayo kwa kura 5 dhidi ya 4 ilifuta adhabu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa chini ya umri wa miaka 18. Jaji Anthony Kennedy, aliyeiandika, alikiri jambo ambalo baadaye lilisahauliwa upesi mno: kwamba hata mtaalamu mahiri hupata shida kumtenga kijana ambaye utoto wake utapita na yule asiyeponyeka, na kwamba kanuni za madaktari wa akili haziruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kupewa jina la ugonjwa wa haiba yenye uadui na jamii. Hoja yake ilikuwa thabiti. Ikiwa daktari mwenyewe ajizuia kutamka, baraza la wazee wa mahakama lisitamke hukumu ya kifo. Katika kesi ya Graham ya mwaka 2010 mahakama ilikataza kifungo cha maisha bila parole kwa mtoto ambaye hakuua. Na katika ile ya Miller ya mwaka 2012 ikakataza kifungo hicho kutolewa kwa lazima hata kwa aliyeua. Jaji sharti kwanza autazame umri wake, nyumba aliyokulia, shinikizo la wenzake, uwezo wake wa kukabiliana na polisi na hata kushauriana na wakili wake, pamoja na uwezekano wa kubadilika.

Kisha ikaja kesi ya Montgomery, mwaka 2016. Humo mahakama ilisema kwamba kifungo cha maisha bila parole chawafaa tu watoto wale ambao uhalifu wao waonyesha kutorekebishika daima. Msomaji aone mgeuko uliotokea. Jambo ambalo mwaka 2005 lilikuwa sababu ya kujizuia, yaani ugumu wa kupambanua, mwaka 2016 lilikuwa limegeuka kuwa mpaka wa adhabu. Mtaalamu aliyeambiwa kwanza kwamba hawezi, sasa aliitwa afanye.

Je, alikuwa na chombo gani mkononi? Kimojawapo ni orodha ya kupima usaikopathi kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, iliyotolewa mwaka 2003 na Adelle Forth, David Kosson na Robert Hare. Ina vipengele 20, na kila kimoja hupewa alama 0, 1 au 2, hivi kwamba kilele ni 40. Mpimaji humhoji kijana na kusoma majalada yake. Hatusemi kwamba kazi hiyo ni ya ovyo. Imefanywa kwa bidii, na watungaji wenyewe walitahadharisha kuhusu kumbandika kijana jina la saikopathi. Lakini tuvisome vipengele vyenyewe: kutafuta msisimko, kutenda bila kufikiri, kutokuwa na malengo, kutokubali lawama, kushindwa kuzuia hasira. Mchungaji yeyote aliyewahi kufundisha darasa la kipaimara atatambua kwamba ameelezwa nusu ya darasa lake. Daniel Seagrave na Thomas Grisso walilionya hilo mwaka 2002: mambo ambayo kwa mtu mzima ni dalili ya tabia iliyoganda, kwa kijana huenda yakawa hatua tu ya kukua.

Kipengele kinachotushughulisha zaidi ni kile cha kukosa majuto. Sisi tuliofundishwa kuungamisha twajua jinsi majuto yalivyo magumu kuyaona kwa macho. Mvulana wa miaka 15, mbele ya mgeni mwenye kalamu, katika chumba cha gereza, aweza kukaa kimya kwa hofu, kwa aibu, kwa kiburi cha kitoto au kwa sababu wakili wake amemwagiza anyamaze. Kimya hicho chaweza kuandikwa 2. Na huyu mpimaji si muungamishi. Kwa mujibu wa maadili ya kazi yake, hana budi kumwambia mtoto mapema kwamba anayoyasema yaweza kufika mahakamani. Basi mtoto mwenye busara hujizuia, na kwa kujizuia huonekana mwenye moyo mkavu.

Si haki, hata hivyo, kuishambulia fani nzima. Utafiti ulioongozwa na Grisso na kuchapishwa mwaka 2003, uliowahusisha watu wapatao 1,400 wa umri wa miaka 11 hadi 24, ulionyesha kwamba takribani theluthi moja ya wenye miaka 11 hadi 13, na moja ya tano ya wenye miaka 14 na 15, walikuwa na upungufu wa kuelewa mashtaka na kujitetea unaolingana na ule wa watu wazima wasioweza kusimama kizimbani. Hapa saikolojia imewatetea wanyonge kuliko mahubiri yetu mengi. Vivyo hivyo chombo kiitwacho SAVRY, chenye mambo 24 ya hatari na 6 ya kinga, hakimpi kijana jumla ya alama. Chamtaka mpimaji aeleze ni nini kiongezacho hatari, ni nini kiipunguzacho, na afikie uamuzi wake kwa hoja. Swali lake ni la hali iliyopo na la msaada unaohitajika. Tofauti kati ya swali hilo na lile la upotovu wa daima ni kubwa, wala haifutwi na wingi wa takwimu.

Tena lugha ya taarifa yenyewe ina dhambi zake. Mwaka 1998 George Bridges na Sara Steen walichapisha uchambuzi wa taarifa za maafisa wa uangalizi wa vijana katika jimbo moja la magharibi mwa Marekani. Waliona kwamba makosa ya vijana weusi yalielekea kuelezwa kwa ubaya wa tabia zao, na ya vijana weupe kwa ubaya wa mazingira yao. Mmoja ameharibika, mwingine ameharibiwa. Sarufi ndiyo iliyotangulia kuhukumu.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1995, mwanazuoni John DiIulio alikuwa ametabiri kuja kwa kizazi cha vijana aliowaita wawindaji wa kutisha, wasio na dhamiri. Hawakuja; uhalifu wa vijana ulishuka. Mwaka 2012 yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wataalamu waliowasilisha mahakamani, katika kesi ya Miller, waraka wa kukiri kwamba utabiri huo haukutimia. Twamheshimu kwa hilo. Lakini sheria kali zilizotungwa wakati wa hofu ile hazikutoweka kwa waraka.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Wasomaji wetu watakumbuka mabishano ya karne ya 16 juu ya Matthias Flacius, aliyefundisha kwamba baada ya anguko dhambi ya asili imekuwa ndiyo asili yenyewe ya mwanadamu. Kanuni ya Konkordia ya mwaka 1577, katika sehemu yake ya kwanza, ililikataa fundisho hilo. Iliukiri upotovu kwa maneno mazito kuliko ya jaji yeyote, ila ilisisitiza kwamba kiumbe cha Mungu ni kitu kimoja na upotovu uliokishika ni kitu kingine, hata kama hakuna awezaye kuvitenganisha ila Mungu. Kwa maoni yetu, lugha ya mtoto asiyeponyeka yamrudisha Flacius kwa mlango wa nyuma, tena kwa upendeleo: yeye angalau aliwasema wanadamu wote, hali mahakama yawasema wachache waliochaguliwa kwa alama.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Mawakili wa utetezi hupenda kuleta picha za ubongo kuonyesha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, yenye kuzuia pupa, hukomaa baada ya miaka 18. Ni kweli kwa vijana kwa jumla, ila picha haisemi lolote la hakika juu ya kijana huyu aliyesimama kizimbani. Na aliyefiwa na baba au binti haombi somo la ubongo. Aomba itambuliwe kwamba kosa limetendwa na mtu. Kumwondolea mtoto hatia kabisa ni kumnyima heshima ya kutubu.

Mwaka 2021, katika kesi ya Jones dhidi ya Mississippi, mahakama iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba jaji halazimiki kutamka kuwa mtoto harekebishiki kabla ya kumfunga maisha bila parole. Yatosha awe na hiari ya kuufikiria umri. Hivyo swali lisilojibika liliondolewa, lakini adhabu iliyosimama juu yake ikabaki. Katika mwaka huo huo yule wa kesi ya Miller alihukumiwa tena kifungo kile kile. Na yule wa kesi ya Montgomery, aliyeua mwaka 1963 akiwa na miaka 17, alitoka gerezani akiwa na miaka 75, baada ya bodi ya parole kumkatalia mwaka 2018 na mwaka 2019.

Sisi huku hatuna adhabu hiyo kwa watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao kifungu chake cha 37 chaikataza. Marekani iliutia saini mwaka 1995 bila kuuridhia. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, na kazi ya kuieleza mahakama habari za mtoto imewekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Hata hivyo mchungaji azuruye mahabusu ya watoto, au shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya, aweza kuombwa aandike barua juu ya tabia ya kijana. Twashauri aandike aliyoyaona, kwa tarehe: alikuja darasani, aligombana, alimtunza bibi yake. Asiandike kwamba ni mwema wala kwamba ameharibika. Yale aliyoyasikia katika maungamo hayana nafasi katika barua hiyo, hata kama yangemsaidia kijana mwenyewe, na ni vema kijana aelezwe tofauti hiyo siku ya kwanza, kabla hajaanza kusema.