Philip Analia, Pam Anasamehe

Katika The Schopenhauer Cure (2005), riwaya ya Irvin Yalom, ambaye mwenyewe ni daktari wa akili, kikundi cha tiba kinakutana San Francisco. Philip, jamaa baridi kama jiwe, aliwahi kumtumia Pam kimapenzi alipokuwa mwalimu wake chuoni, kisha akamtupa. Sasa wameketi duara moja. Philip anabadilika kwa kulia mbele ya watu, na mwishowe anaongoza kikundi chake. Pam je? Anabadilika kwa kuachilia hasira, na faraja ya Philip inatoka kwake!

Yalom anajua vizuri jinsi mwanaume aliyejifunga hufunguka; kurasa hizo tamu, sibishi. Lakini mbona aliyeumizwa ndiye apewe kazi ya kumfungua? Ningependa kusoma kikao kimoja ambapo Pam anabaki na hasira yake, na bado anahesabiwa amepona.